Ukucha wa Baba

Kaka yangu,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi wazima. Paka amezaa ndani ya sanduku la msasa, kwa hiyo siku hizi nafanya kazi kwa adabu.

Ulisema tufunge karakana kwa kuwa Baba haoni tena. Nilikusikia. Lile gitaa lake la mwisho, aliloliunda likabaki bila urembo, nimelimalizia mimi. Nimezungushia tundu lake vipande vya ganda la chaza, kimoja kimoja, nikapaka vanishi, nikasugua, nikapaka tena mpaka nikaona uso wangu humo. Mkono ulikufa ganzi.

Jana nikampa Baba akague. Unamjua. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya urembo, akitafuta pa kukwama. Ukucha ukateleza mzunguko mzima. Akatabasamu, akauliza, "Kaka yako amerudi lini?"

Hapo roho iliniuma. Nikamwambia, "Hajarudi, Baba. Ni mimi."

Akarudia mzunguko polepole, kama mtu aliyeazimia kuniumbua. Hakupata kitu. Akanirudishia gitaa.

"Lingine tunaanza lini?"

"Kesho," nikamjibu.

Kwa hiyo usijisumbue kutafuta mnunuzi wa karakana. Ukija kututembelea, karibu sana, chai ipo. Ila stuli yako ya kazini usiiulizie. Ilikuwa ndefu kwangu, nimeikata miguu.

Ni mimi dada yako mdogo,
fundi magitaa