Programu ya Tatu

Tarehe 9 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu mpendwa,

Karani aliyekuwa akinijazia fomu za kodi amestaafu, kwa hiyo natafuta programu ya kompyuta nijijazie mwenyewe. Jirani yangu, fundi cherehani, alinicheka: "Mzee, hii ya tatu sasa! Unachagua programu au mchumba?"

Sikumwambia kwamba mbili za kwanza niliziacha ziliponiuliza kama naishi hapa kwa muda au moja kwa moja. Miaka yote karani alijaza "kwa muda" bila kuniuliza, nami nilimshukuru kimoyomoyo.

Ya tatu nayo imeuliza. Leo nimejibu ukweli. Kile chumba unachonifagilia kila Jumamosi, dada, mpe mwanao. Mimi sitarudi.

Kaka yako