Mlango wa Jikoni wa Mama Pasta

Jumanne, Mei 1997

Simlaumu mzee. Alisoma kilichoandikwa.

Wiki nzima nimekuwa nikibadilisha menyu za ile programu ya nyongeza ya kuchorea nyumba, nikipanga safu ya vitufe vya Kiswahili ili Mzee Amukoya, mwajiri wangu, aache kuniita kila dakika nimsomee Kiingereza. Leo pasta na mkewe wakaja kuona ramani ya nyumba yao, niliyoichora tangu asubuhi. Mzee akakaa mbele ya kompyuta kwa mbwembwe.

“Mbona mlango wa jikoni uko wazi?” mama pasta akauliza. “Wageni wataonanga sufuria zangu.”

“Hilo ni dogo, mama.” Mzee akabonyeza *Funga*.

Kompyuta ikamuuliza, kwa neno langu mwenyewe: *Hifadhi?*

“Hifadhi ya nini? Huu ni mlango wa jikoni, si msitu wa Buyangu!” Akabonyeza *Hapana* kabla sijamfikia.

Mchoro wote ukafungwa bila kuhifadhiwa. Kazi ya siku nzima...

“Mlango ameufunga kweli,” pasta akasema kwa upole, “pamoja na nyumba.”

Mkewe alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Wamekubali kurudi Alhamisi.

Kabla ya kutoka kazini nimebadilisha kile kitufe. Badala ya *Funga*, sasa kinasema *Toka*. Nimeshafika nyumbani ndipo nikawaza: kesho mzee atakaa pale, na kompyuta itamfukuza katika ofisi yake mwenyewe.