Mjomba Alfred Kwenye Intavyu ya Kerubo

Serah, acha unachofanya usome hii. Niko kwa kompyuta ya maktaba, nacheka mpaka watu wananiangalia.

Leo Kerubo alikuwa na intavyu ya kazi yake ya kwanza ya unesi, idara ya dharura, hospitali moja hapa mjini Saint Paul. Mjomba Alfred akajitolea kumpeleka. Sawa. Si akaingia naye ndani?

Ndani, Serah. Na suti ya harusi.

Kerubo alitamani ardhi immeze. Meneja, mama mmoja mzungu, akauliza huyu ni nani. Mjomba akaketi, akakunja nne, akasema, "Sisi hatutoi binti bila kujua anaenda kwa nani."

Kwa meneja. Kana kwamba ni wakwe.

Akaendelea. "Huyu bado mgeni kwa kazi. Nani atamshika mkono, na kwa muda gani? Wagonjwa wakifurika, mtamwacha peke yake?"

Kerubo alikuwa amejipanga kusema tu, asante, naanza kesho. Meneja akaangalia peja yake, kile kidude cha kumwita kukiwa na dharura, akaangalia dirisha, akakiri kwamba manesi wazoefu karibu wote wamehama. Kerubo angejifunza mwenyewe, kazini.

Mjomba akasimama. "Asanteni kwa chai." Na chai yenyewe hakuna aliyewapa.

Kerubo alimnunia njia nzima mpaka nyumbani Richfield. Walipoegesha gari ndipo alipofungua mdomo.

"Mjomba, intavyu yangu nyingine, ya Minneapolis, ni Alhamisi. Hiyo suti itakuwa imepigwa pasi?"