Diski Namba Tisa Ina Mwenyewe

KITUO CHA POLISI NJIA TATU, SINGIDA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rebeka Isaka Ntandu (Mama Nathan)
Umri: Miaka 53
Kabila: Mnyaturu. Dini: Mkristo
Kazi: Mtunza kumbukumbu, chumba cha kompyuta, Hospitali ya Misheni Kisimani
Makazi: Singida Mjini, mzaliwa wa Mungaa, Wilaya ya Ikungi
Tarehe: 11/02/2025, kuanzia saa 7:10 mchana
Mbele ya: Koplo Faith

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya Kudra Kombo, mfanyakazi mwenzangu, ambaye yuko mahabusu hapa tangu jana kwa tuhuma ya kufuta picha za eksirei za wagonjwa. Hakufuta. Picha zipo, leo nimeziona kwa macho yangu, na nitaeleza zilikuwa wapi.

Niliajiriwa hospitali mwaka 1996 kama mpiga chapa. Mashine za kuchapa zilipoondolewa nilibaki na makaratasi, na makaratasi yalipoingizwa kwenye kompyuta niliyafuata humo humo. Ninayoyajua kuhusu kompyuta nimefundishwa na Kudra. Anayoyajua Kudra kuhusu kutunza kumbukumbu nimemfundisha mimi.

Afande ameniomba nieleze mitambo yenyewe kwa lugha ya kawaida. Hospitali ina seva moja kubwa. Ndani yake zinafanya kazi kompyuta tano ambazo huwezi kuzishika kwa mkono, mafundi wanaziita mashine pepe. Tulizipa majina ya kwetu: Ihanja ni ya maabara, Kiomboi ya dawa, Mungaa ya picha za eksirei, na mbili nyingine hazihusiki hapa. Mashine hizo hazikai na diski zao. Diski zote tisa zimo kwenye sanduku la peke yake, na kila mashine inaifikia diski yake kwa waya wa mtandao. Sanduku lina orodha za ruhusa. Seva ambayo jina lake halimo kwenye orodha haionyeshwi diski hata kidogo.

Afande amesema bado hajaelewa. Nimemwambia afikirie ng'ombe wa baba yangu, mzee Isaka. Baba hakuwaweka wote kwenye boma lake. Wengine aliwakabidhi kwa rafiki yake wa Ihanja, wakalala huko na kukamuliwa huko, lakini walibaki ng'ombe wa Isaka Ntandu wa Mungaa. Siku ya kukabidhi lazima awepo mtu wa tatu wa kushuhudia, amwangalie ng'ombe rangi yake, pembe zake na alama ya sikioni. Baba alikuwa mkali sana kwa hilo, hata kama mnyama ni ndama. Nami diski naziandika hivyo hivyo.

Nina daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila diski ina ukurasa wake. Naandika namba ya diski, ukubwa wake, namba ndefu ya utambulisho wake, mashine inayoitumia, orodha ya ruhusa iliyomo, jina la seva lililoandikwa kwenye orodha hiyo, tarehe, aliyeunganisha na aliyeshuhudia. Wote wawili wanasaini. Katibu wa hospitali, Bwana Chediel Mkumbo, amekuwa akinitania kwamba niko zama za mawe, eti hayo yote yamo kwenye faili ndani ya kompyuta. Ni kweli yamo. Faili hilo limehifadhiwa ndani ya mashine ya Mungaa.

Mnamo tarehe 07/02/2025, siku ya Ijumaa, saa 10:15 jioni, Kudra aliingia kwenye sanduku la diski kwa maagizo yangu. Vifaa vilikuwa vinahamishwa Jumapili kutoka chumba cha karibu na dobi kwenda chumba kipya, nikataka tuhakiki kila kitu kabla. Yeye alisoma kwenye kioo, mimi nikaweka alama kwenye daftari. Diski tisa, zote zipo. Picha ndani ya mashine ya Mungaa, 61,408. Tulisaini wote wawili, tukafunga mlango saa 11:00 jioni, na eksirei ikasimamishwa hadi uhamisho uishe. Jumamosi nilisafiri kwenda Kiomboi kwenye ubatizo wa mjukuu wangu.

Uhamisho wa Jumapili sikuuona. Nasema nilivyoelezwa na aliyeufanya, fundi Gerald Fabiano, aliyekodiwa na hospitali kwa kazi hiyo. Jumatatu asubuhi mashine nne ziliwaka na ya Mungaa ikagoma, ikidai diski yake haionekani. Alipofungua sanduku aliikuta diski namba tisa, terabaiti mbili, hakuna mashine inayoidai. Akaamua kwamba ilifutwa na kuachwa tupu. Jina la mwisho lililoingia kwenye sanduku kabla ya kuhama lilikuwa la Kudra. Bwana Chediel alitoa taarifa, na saa 8:30 mchana Kudra akaletwa hapa. Mimi sikuwa na habari.

Leo nilitoka Kiomboi kwa basi la kwanza na kupitiliza kazini na mizigo yangu. Saa 2:40 asubuhi niliingia chumba cha kompyuta. Gerald alikuwa amekaa mbele ya kioo, Bwana Chediel amesimama nyuma yake.

Gerald alinisalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Kuna diski hapa haina mwenyewe. Naifomati tuanze upya, wagonjwa wanasubiri."

"Namba ngapi?"

"Tisa."

Nikamwambia, "Toa mkono hapo, mwanangu."

Bwana Chediel akasema, "Mama Nathan, kazi ya mafundi waachie mafundi." Nikamuuliza Kudra yuko wapi. Aliponiambia yuko polisi, nikakaa kwenye kiti cha Kudra. Niliumia sana, afande. Yule kijana hajawahi hata kuondoka na kalamu yangu.

Lakini sikukaa sana. Niliinuka nikafungua kabati, nikatoa daftari. Ukurasa wa diski namba tisa umeandikwa tarehe 17/10/2024: mashine Mungaa, aliyeunganisha Kudra Kombo, aliyeshuhudia Rebeka Ntandu. Nilisoma ile namba ndefu tarakimu moja moja, Gerald akafuata kwa kidole kwenye kioo. Zote thelathini na mbili zililingana. Nikamsomea mstari unaofuata: diski hii imo kwenye orodha ya pili ya ruhusa, peke yake, kwa sababu iliongezwa baadaye. Kisha nikamsomea jina la seva.

Gerald aliacha kioo, akaja kulisoma mwenyewe kwenye daftari. Halafu akasema, "Mama, hilo jina nililibadilisha Jumapili. Nilirekebisha orodha ya ruhusa, lakini ile ya kwanza tu. Sikujua kama kuna ya pili."

Nikamwambia, "Ungejua wapi? Tulioiandika ni mimi na Kudra, na hukutuuliza."

Kwa hiyo seva ilikuwa inabisha hodi kwa jina jipya, na orodha ya pili inalijua la zamani. Diski ilikuwa mahali pake muda wote, na vyote vilivyomo ndani yake.

Gerald aliandika jina jipya kwenye orodha ya pili. Saa 4:05 asubuhi diski ilionekana. Saa 4:12 mashine ya Mungaa ikawaka. Nilitaka idadi kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ilisoma 61,408, ile ile ya Ijumaa. Picha ya kwanza tuliyoifungua ni ya Bibi Kristina wa Ihanja aliyevunjika nyonga, iliyopigwa Ijumaa hiyo. Daktari wa upasuaji alikuwa anaisubiri tangu jana, na alikuja kuitazama amesimama mlangoni na glavu mkononi.

Gerald alivua kofia. "Nisamehe mama. Dakika tano tu zingine ningezifuta zote mimi mwenyewe." Nimemsamehe, na naomba iandikwe kwamba hakuficha kitu. Nilimpa kalamu aandike jina jipya la seva kwenye ukurasa, akasaini. Bwana Chediel akaliomba daftari. Alilisoma kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama Nathan, niandike na mimi nilikuwepo." Nikamwandika. Sitasema uongo mbele ya afande: nilijivuna. Miaka yote nimechekwa kwa daftari hili, na leo kila aliyenicheka alikuwa anasubiri nifungue ukurasa.

Bwana Chediel nimekuja naye. Yuko kwenye benchi hapo nje na barua ya kuondoa malalamiko yake. Mimi nilimtaka aje mwenyewe, asitume mtu.

Niliyoyasema hapa nimeyaona na kuyafanya mwenyewe, isipokuwa ya Jumapili na Jumatatu ambayo nimetaja niliyemsikia. Nimesomewa yote, nimesahihisha mahali pawili, na sasa ni sahihi.

(Saini) R. I. Ntandu

MAELEZO YA AFISA: Shahidi amesomewa na kukubali. Mlalamikaji amewasilisha barua na kuhojiwa. Mtuhumiwa Kudra Kombo ameachiwa saa 9:20 alasiri. Daftari moja, jalada gumu jeusi, linapokelewa kama kielelezo hadi jalada la shauri lifungwe. Shahidi amekataa kuliacha mpaka makabidhiano yaandikwe ndani ya daftari lenyewe, pamoja na alama zake (kona ya juu imekunjika, doa la chai ukurasa wa 6), na mtu wa tatu ashuhudie. Nimeandika kama alivyotaka. Nilijitolea kumwita askari mwenzangu ashuhudie, akasema shahidi wa daftari hili anajulikana.

Aliyekabidhi: Rebeka Isaka Ntandu.
Aliyepokea: Koplo Faith.
Aliyeshuhudia: Kudra Kombo, saa 9:35 alasiri.