Deni la Masomo Yangu na Mutamba wa Baba Yetu

Goma, tarehe 23 Septemba 1956

Kwa Yaya Paulin Ntirenganya,
Kolwezi, Katanga

Mupendwa Yaya, mukubwa wangu,

Nakusalimu wewe, shemeji Henriette na watoto wote. Mungali wazima? Kile kikohozi cha vumbi la mine ya shaba kimepungua? Sisi huku Mungu anatulinda. Magoti ya Mama yamepata nafuu, anakwenda tena misa kwa miguu. Mvua imeanza na maharagi yamekwisha pandwa.

Kazi yangu inakwenda. Mwezi uliopita niliuza mabenchi, na baada ya kulipa mbao nilibaki na faranga elfu moja na mia tano. Ndiyo sababu nilikuandikia kukuuliza: nimalize deni la masomo yangu kwa Baba Mudogo Twagirayezu mara moja, ama niendelee kidogo kidogo? Hesabu unaijua. Aliuza mutamba, ngombe jike asiyezaa bado, kwa elfu tatu nipate kusoma useremala Bukavu. Tulipatana nimurudishie elfu ine, faranga mia kila mwezi, ile elfu ya juu ikiwa badala ya ndama ambao mutamba angezaa. Nimelipa miezi makumi mawili na sita. Imebaki elfu moja mia ine, na alisema nikimaliza mbele ya Noeli atapunguza mia mbili.

Ulinijibu: lipa yote, deni ni mwiba katika kisigino. Nilifurahi kupata shauri la mukubwa. Nilifunga pesa katika kitambaa, nikapanda kamio ya mizigo mpaka kwake karibu na Bunagana, kwa arusi ya binti yake Nyiramahirwe, ili nimupe mukononi.

Hujasahau desturi yetu, baba ya bibi arusi kuwapa maarusi mutamba, na muchungaji wa ngombe kumusifu mbele ya watu kwa kutaja mama yake na ndugu zake. Muchungaji, Muzee Hategekimana, akasimama na fimbo yake, akasema: "Huyu ni binti wa ngombe Gaju, yule aliyeingia siku ya mahari ya Mukamugema. Dada yake ndiye aliyeuzwa, Habarurema huyu akasoma." Watu wakapiga makofi. Mimi mikono ilikuwa mizito.

Yaya, Mukamugema ni dada yetu. Mahari yake iliingia katika nyumba ya baba yetu. Baba alipofariki, Baba Mudogo alipewa wale ngombe kuwachunga tu. Basi miaka hii miwili nimekuwa nikinunua ngombe wetu wenyewe, na kulipia hata ndama ambao hawakuzaliwa.

Nilimuvuta Baba Mudogo nyuma ya mitungi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Hakuona haya hata kidogo. "Ningekupa bure, ungesoma?" akaniuliza. "Deni ndilo lililokuwa likikuamusha asubuhi. Angalia hiyo mikono, seremala." Nikamuambia ngombe hakuwa wake. Akacheka. "Muulize mukubwa wako. Alijua tangu mwanzo. Dada mwingine wa huyo mutamba ndiye aliyeuzwa kumulipia kamio kwenda Katanga. Ama yeye anarudisha kitu?" Bibi yake alikuwa anapita na kibuyu, akasema: "Leo mutoto wa hesabu, hesabu imemupiga."

Baba Mudogo ninaweza kumuelewa. Mwenye kuchunga ngombe wa mwingine hakosi kunywa maziwa. Lakini wewe? Nilipokuwa Bukavu nakula mara moja kwa siku ili ninunue randa, uliniandikia nisisahau wema wa Baba Mudogo, kwamba amejinyima kwa ajili yangu. Mutamba wako ulimupata bure ukanyamaza. Faranga elfu mbili mia sita zinauma, sikatai. Kinachouma zaidi ni kwamba nilikuomba shauri kama kwa baba, na ulinijibu kama mutu anayefunika shimo.

Sasa nimekata shauri. Sitalipa mapema, wala ile mia ya mwezi sitaipeleka tena. Elfu moja mia mbili nilizomubebea nimezinunulia mbao za libuyu, kavu, nzuri sana. Kushitaki sitamushitaki, maana mutu akimushitaki baba yake mudogo, hata mwenye haki watu wanamutemea mate. Yeye ndiye atanishitaki. Siku hiyo baraza la chefu litauliza mutamba alikuwa wa nani, na wazee watasema aitwe mukubwa wa nyumba. Utasimama mbele ya Mama useme. Nauli ya kutoka Kolwezi ni juu yako.

Nisalimie shemeji Henriette, lakini hii barua usimusomee yote. Wabusu watoto. Mama anakuombea kila jioni. Mukamugema naye anakusalimu kutoka Masisi. Yeye bado sijamuambia.

Mungu akuondoe katika hatari zote za mine, akurudishe kwetu na mwili muzima na ulimi usioogopa.

Ni mimi mudogo wako, anayekupenda hata leo,

Donat Habarurema