Baba, Gari Lako Liliziba Njia

Baba,

Mama ataruhusiwa Jumatatu. Amesema hivyo muuguzi wa zamu hapa hospitali Kibondo, leo asubuhi, akiwa amesimama miguuni pa kitanda, na daktari akaitikia kwa kichwa. Mfupa wa paja unaunga vizuri. Hatakiwi kukanyaga chini kwa muda mrefu, na pikipiki asiisogelee. Nilimuuliza muuguzi kama Jumatatu ni Jumatatu kweli, vile ninavyowauliza wakubwa wanapoahidi barabara. Akanitazama.

"Dada, si wewe yule wa redioni Kasulu? Basi andika Jumatatu."

Nimeandika. Lakini Mama amekataa kurudi nyumbani, na katika sababu zake umo wewe, nimo mimi, na limo gari lako.

Nakuandikia hadharani kwa sababu mambo yenyewe yalitokea hadharani. Kilima chote kinayajua. Ungekuwa hai ungeyasikia njiani kabla hujafika mlangoni, kisha ungenikaripia kwa kuwa wa mwisho kukuletea habari.

Unakumbuka siku ulipolileta kutoka bandarini Dar. Gari dogo jeupe, limetumika Japani, limefika kwetu na vumbi la nusu ya nchi. Ulipoliwasha uani, sauti ya mwanamke ndani ya dashibodi ikasema maneno ya Kijapani. Ukavua kofia ukamjibu kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye, mama." Tangu hapo ukamsalimia kila asubuhi. Mama akawa anawaambia wageni kwamba umeoa mke wa pili, na hata kupika hajui.

Mwaka huohuo rafiki yako Mzee Lameki, jirani yetu wa ng'ambo ya migomba, akanunua guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, iliyounganishwa hapahapa nchini. Mkapata ugomvi wa kuwatosha hadi uzee. Niliusikia mara nyingi siku za soko Kasulu, wewe na magunia yako ya maharage, yeye na ndizi zake.

"Hilo debe lako, Lameki, limeungwa na vijana wanaowaza chakula cha mchana."

"Na lako limeungwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga tope la Kasulu."

"Cha nje kinadumu."

"Ungesemaje vingine? Wewe mwenyewe uliingizwa kupitia mpakani Munanila, umefungwa mgongoni kwa mama yako!"

"Na nimedumu!"

"Umedumu, ila taa zimeanza kufifia."

Ulicheka hadi ukashika nguzo ya kibanda. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukutania kwa habari ya kuja kwenu kutoka Burundi, Lameki tu. Kisha akamalizia kwa lile neno lake alilopenda kulirudia: "Changu kikiniacha njiani, natembea mpaka Kasulu nachukua spea. Chako kikikuacha, utasubiri meli."

Nisikupunje. Kwa miaka ile ya mwanzo hoja ilikuwa yako. Guta la Lameki lilipasuka maungio msimu wa kwanza wa mvua. Mnyororo ulikatika akiwa na ndizi za harusi ya watu. Gari lako lilikwenda Nyarugusu sokoni na kurudi, likaenda Kibondo, likaenda Kigoma mjini, na fundi hakulifungua. Uliniambia nilipokuwa najifunza kuendesha, "Mwanangu, chombo kizuri ni kile ambacho hujui jina la fundi wake." Niliamini. Hata sasa sioni kwamba ulisema uongo kuhusu gari.

Ulikosea kuhusu machela.

Wasomaji wengine hawakijui kilima chetu, kwa hiyo nitaeleza. Machela yetu ni kitanda cha kusukwa kwa mianzi na kamba za migomba, kinachofungwa katikati ya miti miwili mirefu. Kinalala juu ya dari ya Mzee Lameki, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa chama cha machela. Kila nyumba ina zamu. Mtu akizidiwa, mwanamke akishikwa na uchungu, aliye zamu anaacha jembe shambani, na wengine wanafuata ili kupokezana mabega hadi barabara kuu. Hakuna anayelipwa. Mwenye ng'ombe anabeba, asiye na kuku anabeba. Lameki alinunua guta na zamu yake hakuiacha. Alisema guta ni la ndizi.

Wewe ulisimama kwenye kikao, ufunguo ukining'inia kidoleni, ukasema, "Wenye miguu wabebane. Nyumba yangu ina injini." Baadhi walicheka. Ukaitoa nyumba yetu katika zamu, na kuanzia hapo hatukuitwa tena. Hata tulipokuzika, ulifika hadi karibu na kaburi ndani ya gari lako, kiangazi, njia kavu. Hatukumhitaji mtu.

Mvua za mwaka huu zilimkuta Mama kwenye mteremko wa shamba la chini akiwa na kapu la maharage. Aliteleza. Nilikuwa nimekuja kutoka Kasulu kumsalimia, na nilipofika nilimkuta kakaa kwenye tope, mguu umelala vibaya, anawafukuza kuku waliofuata maharage. Mdogo wangu Deo alimbeba hadi uani. Mzee Lameki alishafika. Alikuwa ametandika godoro kwenye guta.

"Mpandisheni hapa," akasema. "Nitakwenda polepole."

Nikamwambia, "Asante, baba, lakini gari lina springi laini. Guta litamtikisa."

"Haya. Mimi nitafuata nyuma."

Tukamlaza Mama kiti cha nyuma. Nikawasha. Mke wako wa Kijapani akasema maneno yake. Mama, jasho likimtoka kwa maumivu, akamjibu kwa niaba yako.

Kwenye mteremko wa kijito mvua ilikuwa imekula njia upande mmoja. Nilisimama, nikaweka gia kwenye P, nikazima, nikashuka kupima maji kwa fimbo. Yalikuwa ya kupitika. Nilirudi nikawasha, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, kisha zikazima kwa pamoja. Usukani ukakaza. Gia ikakataa kutoka kwenye P. Unajua gari la automatiki likikaa hivyo: magurudumu yamefungwa, halisukumiki. Watu walitoka migombani wakaegemeza mabega. Halikusogea hata upana wa kidole. Kushoto ukuta wa udongo, kulia bonde, katikati gari lako. Na nyuma yetu, likinguruma, zima kabisa, guta la Lameki lisiloweza kupita.

Kijana mmoja akasema, "Mwambieni yule mama wa Kijapani ashuke, labda ndiye aliyekaza miguu." Wakacheka. Lameki hakucheka. Alimtuma mtu kwake akalete machela.

Machela ilikuja, ikawekwa chini mbele ya gari. Watu wakasimama pembeni, mikono nyuma. Nilidhani wananisubiri nifungue mlango. Lameki akauliza, kwa sauti ya kikao:

"Nani anaisemea nyumba hii?"

Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali mbele ya wengine, na nimewauliza hata wenye walinzi. Pale aliyeulizwa ni mimi.

"Tunaomba," nikasema.

"Mnaomba nini?"

"Mama abebwe."

"Na injini?" akauliza mwanamke mmoja kutoka nyuma.

"Nyamaza wewe," Lameki akamwambia. "Ameomba."

Kwa kawaida watu wa nyumba ya mgonjwa ndio wanaomlaza wenyewe, kisha wengine wananyanyua. Mimi na Deo tukamtoa Mama garini, tukamlaza, tukamfunika kitenge, tukafunga kamba. Tulifanya kwa makini. Tulipoinua vichwa, wanaume walikuwa wamevua kofia.

Sikuelewa. Deo naye hakuelewa. Tulikuwa tumemlaza miguu ikitangulia mbele, kuelekea njiani. Kilimani kwetu mgonjwa hutanguliza kichwa. Anayetanguliza miguu anapelekwa kuzikwa. Mtoto yeyote pale alilijua hilo kwa kukimbia nyuma ya machela. Watoto wa nyumba yenye injini hawakulijua.

Mama akainua shingo.

"Nigeuzeni," akasema. "Mnanipeleka hospitali au kwa baba yenu?"

Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, kisha wote, hata yule mwanamke wa nyuma, na katika kucheka huko wakamgeuza wao wenyewe, kwa mikono myepesi, sisi tukisimama kando. Baba, nimeshatukanwa kwa kazi yangu na nikalala usingizi. Kile kicheko hakikuwa na ubaya wowote, na bado nakisikia.

Deo alipewa mti wa mbele. Bega lake halikudumu. Walimpokea kabla ya kilima cha kwanza, bila neno, kama mtu anavyopokea mzigo wa mgeni. Mimi nilifuata na wanawake, nimebeba fungu la nguo. Kwenye lami gari la wagonjwa la hospitali, tuliloliita kwa simu, lilikuwa linasubiri. Nalo limetoka nje ya nchi, nalo lilikuwa zima, na dereva alikuwa mwangalifu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Gari lako lilivutwa kesho yake. Guta la Lameki lilisaidia, na mnyororo wake ukakatika palepale. Fundi wa Kasulu alinionyesha kwamba pembeni ya gia kuna kifuniko kidogo, na chini yake kitufe cha kuifungua gia umeme unapokufa. Kitabu cha maelekezo kimekaa ndani ya dashibodi tangu ulipolitoa bandarini. Chote ni Kijapani. Kisanduku cha umeme kimeagizwa Dar, na Dar nao wanasema kipo melini. Lameki aliposikia habari ya meli hakulirudia lile neno lake, na hilo liliniuma kuliko kama angelirudia.

Kwa hiyo si gari linalonitia aibu. Gari lolote hufa, la huku na la kule. Juzi nilimpigia simu Yohana, yule seremala wa upande wa kanisani, kwa sababu nilisikia anapinga ombi letu la kurudi kwenye zamu. Nilitaka kupata maelezo yake mwenyewe. Aliniambia kwamba wiki moja baada ya wewe kutoa nyumba yetu, mkewe alishikwa na uchungu. Walimbeba wakiwa pungufu, wakawa wanamtua kila mara kupumzika, na mtoto akazaliwa kando ya njia, kwenye majani. Wote wawili wazima.

Nikamuuliza, "Mlikuja kuomba gari?"

"Hapana, dada. Gari lilikuwa lenu. Sisi tulikuwa tunatafuta mabega." Akaongeza, "Lakini tulipita uani kwenu. Lilikuwa limeoshwa. Nakumbuka linavyong'aa."

Mimi ndiye niliyekuwa nikiliosha kila nilipokuja. Sijui kama siku ile nilikuwepo. Nimejaribu kukumbuka na siwezi kuthibitisha.

Na sasa Mama. Mvua imemaliza kula ile njia. Kutoka lami hadi nyumbani hakuna gari linalopita, hata guta. Atarudi kwa machela au atabaki Kibondo kwa dada yake. Amesema atabaki. Nilimweleza kwamba Lameki yuko tayari kuja na watu wake wakati wowote. Akavuta shuka.

"Nimeshabebwa kwa huruma, inatosha," akasema. "Zile kamba nilizisuka mimi, baba yenu hajajua hata kushika usukani. Nirudi na zamu yangu au nisirudi."

"Mama, huwezi hata kusimama. Zamu utaishikaje?"

"Nina watoto wawili wana mabega. Au nayo mmeagiza nje?"

Lameki amekubali kuita kikao. Masharti ni mawili. Nyumba yetu ipokee zamu inayofuata, na Deo ameshaanza kujizoeza kwa gogo, majirani wakimcheka. La pili, lile neno lako la wenye miguu liondolewe kwa kinywa cha mtu wa nyumba, mbele ya wote. Haitoshi kuomba radhi kwa jumla. Itabidi nilirudie kama ulivyolisema, na kwa Kiha, kwa sababu kwa Kiha ndivyo ulivyolisema, kisha nilirudishe. Nimelifanyia mazoezi hapa kwenye benchi la wodi. Kinywani mwako lilikuwa mzaha. Mimi kila nikilisema, mzaha hautoki.

Nakupenda, na nitalisema. Yohana ameomba azungumze kwanza, na Lameki amemkubalia. Wakimkataa Mama, watamkataa baada ya Yohana kusema. Nitamsikiliza hadi amalize na sitamkatiza kwa swali.

Pumzika, Baba. Kikao ni Jumamosi, watu wakishakunywa chai ya asubuhi, uani kwa Mzee Lameki.

Mwanao wa kwanza