Abiria wa Kiti cha Mbele

Jumamosi ya Julai. Ukungu asubuhi, vumbi mchana, na sasa hivi sijui kama nicheke au ninune.

Leo ilikuwa siku ya kwanza ya likizo yetu ya nje ya nchi. Naandika nikiwa karibu na Nkwenda, wilayani Kyerwa, Tanzania.

Nje ya nchi bado hatujafika.

Mimi na mume wangu, Deo, tuna miaka tisa ya ndoa, na safari zetu zote zimekuwa za misiba, harusi na kipaimara. Mwaka huu nikasema basi. Watoto tumewaacha kwa dada yangu Kayanga, gari limefanyiwa sevisi, na tungeendesha wenyewe mpaka Uganda, Ziwa Bunyonyi, tukae siku chache tunatazama maji. Wawili tu. Maneno hayo nimeyarudia tangu Pasaka mpaka Deo akaniomba nipumzike.

Kosa lilikuwa kupita kwa mama yake kuaga. Lakini utampitaje mama mkwe, na barabara ya kwenda mpakani inagusa migomba yake? Tukaingia, shikamoo, marahaba, tukatafuna punje za kahawa wanazopewa wageni, tukala ndizi na maharage, kwa sababu pale kwake hakuna anayeondoka na njaa.

Tulipotoka, mama naye akatoka. Kitenge cha kanisani, viatu vya kanisani, mkoba begani, na mkononi kikapu cha chakula chetu cha njiani. Deo alipomwona na ule mkoba, akaruka kumfungulia mlango wa mbele. Mama akasimama kidogo, akatutazama. Kisha akaingia, akakaa.

Nikahamia nyuma, kwenye mkungu wa ndizi aliotuzawadia.

Kwetu mzazi akishakaa kwenye gari la mwanawe haulizwi anakwenda wapi. Ni sawa na kumwambia ashuke. Deo akawasha gari huku akinikwepa kwenye kioo. Nilimkodolea macho kisogoni njia nzima, na nadhani kisogo kilijua.

Nikajaribu kwa mbali. "Mama, kule Bunyonyi wanasema kuna baridi kali."

"Baridi haiui," akajibu, macho mbele.

Baada ya kilima nikajaribu tena. "Na ni mbali, Mama. Mgongo wako utachoka."

"Mungu atasaidia, waitu, mwanangu."

Humu daftarini ni kwangu, kwa hiyo nakiri: nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Kwenye begi nina gauni jekundu ambalo halivaliwi mbele ya mama mkwe. Nikaanza kupanga nani atalala wapi huko hotelini, na kila mpango uliishia mimi na mama kitanda kimoja, Deo peke yake dirishani anafaidi maji.

Tukafika Murongo, mpakani. Daraja la Mto Kagera lile pale, Uganda ng'ambo. Afisa uhamiaji, dada mmoja mpole, akapokea pasi zetu, kisha akamgeukia mama.

"Shikamoo mama. Na wewe unakwenda wapi?"

Swali nililolibeba kifuani tangu asubuhi! Yeye kalitoa hivi hivi tu, kwa kuwa ni kazi yake.

"Waulize hawa," mama akasema. "Mimi nilitoka kuwaaga, niende zangu kusali jumuiya. Kijana akanifungulia mlango. Ningekataaje?"

Afisa akainamia meza, mabega yanatikisika. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, na mama naye akacheka ameshika mbavu, huku akilalamika kwamba mbuzi wake wamefungwa sehemu moja tangu asubuhi.

Basi tukageuza. Nani angempandisha mama bodaboda na kitenge kile? Njia ya kurudi alikuwa mtu mwingine kabisa: anaonyesha mashamba ya ndugu, anamtania Deo kuwa anaendesha kama amebeba mayai. Tulipokaribia nyumbani akanigeukia.

"Na huko ziwani mnakwenda kufanya nini hasa?"

"Kukaa tu, Mama. Mimi na yeye."

"Mimi na baba yake hatukuwahi kukaa tu," akasema. "Sikujua watu husafiri kwa ajili hiyo."

Niliona aibu. Siku nzima nimemnunia mtu aliyekuwa amenasa kwenye kiti kama mimi nilivyonasa kwenye ndizi. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Mama, ungependa kuja? Nakuuliza kweli."

Deo akapunguza mwendo.

"Hapana, mwanangu. Nendeni." Akanyoosha pindo la kitenge chake magotini. "Ila usiniulize mara ya pili. Sitaweza kukataa."

Sasa ni jioni. Deo yuko nje anahamisha mbuzi, mama anamenya ndizi na amekataa nimsaidie, eti mimi ni mgeni. Tunalala hapa, kesho asubuhi tunaondoka tena. Mama ameahidi kutuaga akiwa mlangoni kwake, hatasogelea gari.

Ziwa langu bado nalitaka. Na kukaa na mume wangu bila mtu katikati, hilo nalitaka zaidi.

Lakini ile hapana yake ya leo, ilikuwa hapana kweli, au ilikuwa adabu?